Choo, Bomba na Mistari

Dandora haikujengwa ikamalizwa. Mwaka 1975 Benki ya Dunia ilikubali kuikopesha Kenya pesa za mradi wa ploti 6,000 mashariki mwa Nairobi. Aliyepata ploti alikuta choo, bafu na maji. Wengine waliongezewa chumba. Zilizobaki ulijijengea: chumba leo, kingine pesa ikipatikana, kodi ya mpangaji wa kwanza ikinunua mawe ya chumba cha pili.

Nikisikiliza Kalamashaka, nasikia ujenzi huohuo. Kama, Johny na Roba ni wa Dandora, na mwishoni mwa miaka ya 1990 wimbo wao "Tafsiri Hii" ulitoka mtaani ukashika nchi nzima. Sisi tuliozaliwa baadaye hatujui redio ilivyokuwa. Kwa miongo mingi ilikuwa ya serikali, hadi stesheni binafsi za FM zilipoanza kuingia hewani mwaka 1996. Na rapa wengi wa Nairobi walikuwa bado wanavuta Kiingereza cha Marekani. Hawa watatu wakashusha Kiswahili cha mtaa.

Mabendi ya roki kule Marekani husifia gereji: gari linalala nje, ngoma zinaingia ndani. Sasa Dandora nani ana gereji? Gitaa la umeme ni pesa, spika ni pesa, studio nayo inahesabu saa. Cha bure ni mdomo, kalamu na wasee unaokaa nao. Kwa hivyo kazi ngumu inafanyika kabla ya studio, pale base, mistari ikirudiwa mpaka iingie kichwani.

Na hapo ndipo kundi linapofanya kazi yake. Ukiwa mmoja kati ya watatu, ubeti wako ni chumba kwenye ploti ya watu wengine, na ukuta ni mmoja. Lazima usikie mwenzako amesema nini ndio ujue wewe unaongeza nini. Ukirudia maneno yake, umeharibu nafasi. Ukilegea, mabeste wanakucheka leo, kabla mashabiki hawajakucheka kesho.

Baada ya albamu ya "Ni Wakati" ya 2001, vyumba vilizidi kuongezeka. Vijana wa kambi ya Mau Mau pale Dandora waliungana na Ukoo Flani wa Mombasa, wakawa Ukoo Flani Mau Mau, na mwaka 2004 ikatoka "Kilio cha Haki". Jina hilo halikuwa la mchezo. Marufuku ambayo mkoloni aliwawekea Mau Mau ilibaki kwenye sheria za Kenya hadi 2003, miaka 40 baada ya uhuru.

Leo mambo ni rahisi. Unapakua biti kwenye simu, unajifunika blanketi usirekodi kelele za matatu, na kabla kuche wimbo uko mtandaoni. Sitalaumu hilo, wale wa miaka ya 1990 wangelipenda sana. Lakini ndani ya blanketi hakuna wa kukuambia, "Buda, ubeti wa pili umelala."

Kama unaandika mistari Dandora, Kayole ama Umoja, tafuta wawili wakusikilize kabla hujapakia. Wakicheka, rudi ukaandike.