Bakteria, dubwi na jibu langu bovu kwa Kidato cha Tatu

Haya wadau, nimerudi. Lawama nimezisikia, tangu nitoke fildi sijaandika kitu. Leo umeme upo, bumu bado, kwa hiyo tukae tupige stori.

Nikiwa mazoezi ya kufundisha, kipindi cha biolojia, binti mmoja wa dawati la nyuma aliniuliza: "Mwalimu, hao bakteria nani anawaambia dawa inakuja mpaka wajiandae?" Nikajibu kwa kujiamini kabisa kwamba wakikutana na dawa wanaizoea, ndipo wanakuwa sugu. Darasa zima wakaandika. Juzi maktaba nikagundua niliwalisha uongo, na kumbe swali lile liliwatoa jasho wanasayansi wakubwa hadi 1943.

Stori inaanzia kwenye virusi vinavyoshambulia bakteria. Frederick Twort aliviandika 1915 kule London, kisha 1917 Félix d'Herelle wa Paris, aliyekuwa akichunguza kuhara damu kwa wanajeshi, akaviita bakteriofaji, yaani walaji wa bakteria. Kula kwenyewe hamna. Kirusi kinajishikiza kwenye ngozi ya bakteria, kinaingiza jeni zake, kinazaliana humo mpaka bakteria anapasuka. Mimina faji kwenye chupa yenye ukungu wa bakteria, maji yanatakata. Subiri sasa. Baadaye ukungu unarudi, maana wapo wachache ambao virusi vimewashindwa, na wamezaana.

Ugomvi ukawa hapo: hao wachache walipata usugu baada ya kuguswa na virusi, au walikuwa nao kabla?

Salvador Luria, Muitaliano wa familia ya Kiyahudi aliyekimbilia Marekani, alikuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Indiana. Kwenye dansi ya walimu akawa anamtania mwenzake aliyekuwa anapoteza hela kwenye mashine ya kamari, mara mwenzake akashinda. (Ni dubwi hilo jamani, msijifanye hamlijui, zile sarafu za mia mbili zinaishia wapi?) Dubwi linameza, linameza, halafu siku moja linatema lundo. Luria akaona mwanga. Kama bakteria wanabadilika baada ya kukutana na virusi, kila mrija utatoa waliopona wanaokaribiana idadi. Lakini kama badiliko la jeni linajitokea lenyewe wakati wanazaana, mirija mingi itatoa sifuri au wawili watatu, na mmoja mmoja utatema lundo, kwa kuwa humo badiliko lilitokea mapema na ukoo mzima umelirithi.

Akakuza bakteria kwenye mirija mbalimbali, kila mmoja akaumwaga kwenye kisahani chake chenye virusi, akahesabu. Ikatoka dubwi tupu! Mjerumani Max Delbrück akaweka hesabu zake, makala ikatoka 1943, na 1969 wakapata Nobel pamoja na Alfred Hershey.

Kwa hiyo hakuna aliyewaambia. Badiliko linakuja kibahati, virusi vinachagua tu nani abaki. Mwaka 1952 Joshua na Esther Lederberg wakaonyesha kuwa hata kwa dawa ya streptomycin ni vilevile. Hapo ndipo nilipojishika kichwa.

Na virusi navyo havikulala. Luria huyohuyo alionyesha 1945 kuwa navyo hubadilika jeni, vikatokea vinavyowaweza hata bakteria waliokwisha kuwa sugu. Mchezo wa paka na panya, ila wote wanazaa haraka mno.

Ila kuna kitu kimenichanganya. Mwaka 2007 Rodolphe Barrangou, Philippe Horvath na wenzao, waliokuwa wakishughulika na bakteria wa kugandisha mtindi, walionyesha kwamba baadhi yao hukata kipande cha jeni za kirusi na kukitunza ndani ya jeni zao. Kirusi kile kikirudi, wanakitambua na kukikatakata, na watoto wao wanarithi kumbukumbu hiyo. Hawa sasa kweli wamejifunza baada ya kukutana na adui! Kwa virusi, lakini, si kwa vidonge. Mfumo huo ndio uliozaa mkasi wa jeni uliowapa Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna Nobel ya 2020.

Nimeandika barua ya kurasa mbili kwa darasa lile, mwanafunzi mwenzangu anayeelekea huko ataipeleka Jumatatu. Nimeanza na "Nilikosea." Aya ya mtindi niliifuta nikiogopa itawavuruga, halafu nikamkumbuka yule wa dawati la nyuma. Nimeirudisha.