Rekta mmoja kwa inchi nzima

Ukiwauliza wanafunzi wa Kisangani juu ya UNAZA, wengi wanajua jina tu. Lakini mengi wanayolalamikia kila mwaka yalianzia pale.

Kabla ya 1971 inchi yetu ilikuwa na vyuo vikuu vitatu, kila kimoja na mwenyewe. Lovanium ya Kinshasa, tangu 1954, ilikuwa ya Wakatoliki. Kile cha Elisabethville, 1956, kilikuwa cha serikali. Cha kwetu Stanleyville kilifunguliwa na Waprotestanti mwaka wa 1963, na mwaka uliofuata Simba wakateka mji, masomo yakahamishiwa Léopoldville. Mwanzo mbaya, kweli. Hata hivyo waliokuwa wanaamua walikuwa wanajulikana.

Tarehe 4/6/1969 wanafunzi waliandamana Kinshasa. Waliomba pesa za masomo ziongezwe, na waliomba pia sauti katika uongozi wa chuo. Ombi hilo la pili watu wanalisahau. Askari wakawapiga risasi. Miaka miwili kisha, wenzao walipotaka kuwakumbuka wafu, Mobutu aliwaingiza wanafunzi wa Lovanium jeshini. Mwezi wa 8 mwaka ule ule wa 1971, vyuo vyote vitatu vikafanywa kimoja: UNAZA, rekta mmoja, Monsinyori Tshibangu, ofisi Kinshasa.

Fakulte zikagawanywa kama mizigo. Fasihi na sayansi za jamii Lubumbashi, saikolojia na ualimu Kisangani, kilimo Yangambi, udaktari Kinshasa. Miaka ile ya kwanza, kijana wa hapa aliyetaka kuwa daktari alipaswa kushuka mto mpaka Kinshasa.

Mwaka wa 1981 UNAZA ikavunjwa, tukapata UNIKIN, UNILU na UNIKIS. Kwa maoni yangu, lilivunjwa jina kuliko mamlaka. Kwa miaka mingi kisha, rekta hakuchaguliwa na maprofesa wenzake, aliteuliwa kutoka juu. Mishahara nayo inatoka Kinshasa. Ikichelewa na maprofesa wakigoma, rekta hana sanduku la kuwalipa. Kilicho karibu na mkono wake ni minervali, na hapo ndipo mzazi anauza mbuzi.

Usiseme rekta ni mtu mbaya. Aliyeteuliwa kwa ordonansi anaweza kuondolewa kwa ordonansi. Wanafunzi wakiwa mlangoni na waziri akiwa kwenye simu, atajibu simu kwanza.