Maziwa na Fimbo

Ama msafiri atokaye Mwanza kwa njia ya Shinyanga, akaipita Mkolani, yumo katika nchi ile ya kusini aliyoijia John Hanning Speke mwaka 1858 alipoliona Ziwa Victoria kwa mara ya kwanza. Lakini habari inayotuhusu aliikuta magharibi, Karagwe, mwaka 1861, katika jamaa ya mfalme Rumanika, ambako wanawake walinyweshwa maziwa hata wasiweze kusimama, na binti wa miaka 16 akifyonza chungu hali babaye ameketi kando na fimbo mkononi. Mkono wa mamaye ulipimwa, ukazunguka inchi 23. Ya moyoni mwao Speke hakutuandikia.

Mwaka 1873 matabibu Gull wa London na Lasègue wa Paris wakaeleza maradhi ya kinyume chake, ya wasichana wajinyimao chakula. Wengi hunena hayo ni ya Wazungu, mimi sisadiki. Hata Mwanza, penye michembe na sato, “nimeshiba” ni neno la adabu, na adabu humsitiri mgonjwa: humega tonge, akalizungusha mchuzini, akalirudisha.

Tiba yake, pamoja na tabibu wa nafsi, ni chakula kurejeshwa kidogo kidogo kwa saa maalumu, mtu wake akiketi naye bila fimbo, na jamaa wakiacha kuusifu au kuukejeli mwili wake mbele ya wageni.