Wamakonde wa Kwale na safari ya kuutafuta uraia

WAMAKONDE ni jamii ya Kibantu ambayo asili yake ni kusini mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, pande zote mbili za Mto Ruvuma. Walioko Kenya wengi wao huishi Kwale. Wazee wao walianza kuletwa Pwani miaka ya 1930 kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Wengine walifuata baadaye wakikimbia vita vya ukombozi wa Msumbiji vilivyozuka mwaka 1964.

Kenya ilipojinyakulia uhuru Desemba 1963, vibarua hao hawakuandikishwa kuwa raia. Watoto na wajukuu wao walizaliwa humu nchini, ila walipotimu umri wa miaka 18 waliambiwa kabila lao halimo katika orodha ya serikali. Hapo ndipo penye kiini cha tatizo. Anayeomba kitambulisho hutakiwa kutaja kabila, na ambaye kabila lake halitambuliwi huhesabiwa mgeni hadi athibitishe vinginevyo. Tena athibitishe kwa stakabadhi ambazo babake hakupewa kamwe.

Pasipo kitambulisho mtu hawezi kupiga kura, kufungua akaunti ya benki, kusajili laini ya simu kwa jina lake wala kupata hatimiliki ya shamba alimalo. Baadhi ya Wamakonde walijiandikisha kwa majina ya Kimijikenda. Wakapata kadi, wakapoteza jina.

Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 iliwapa watu wasio na uraia wa taifa lolote, waliokuwa wakiishi Kenya tangu Desemba 12, 1963, pamoja na vizazi vyao, miaka 5 ya kuomba kusajiliwa. Kwa Wamakonde wengi muda huo ulipita bure. Oktoba 2016, mamia yao walifunga safari kutoka Kwale kuelekea Nairobi kwa miguu. Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliwapokea katika Ikulu na kuamuru wapewe vitambulisho kabla ya mwaka kwisha. Walianza kukabidhiwa Februari 2017, wakatangazwa kabila la 43.

Nambari hiyo ni hoja ya kutafakariwa. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinaharamisha ubaguzi wa kikabila, na cha 56 kinailazimu serikali kuyalinda makundi ya wachache. Hakuna kinachosema kwamba haki hizo husubiri kabila lipewe nambari. Hata hivyo, Wakenya wa asili ya Kihindi walitangazwa kabila la 44 Julai 2017. Washona, ambao wazee wao walitoka Zimbabwe, walingoja tamko la Rais la Desemba 2020. Nao Wapemba, wavuvi ambao lugha yao ya mama ni Kiswahili chenyewe, walianza kupokea vitambulisho Kilifi Julai 2023.