Kaburi la Chunya na mwaka 1863

Ramani ya makaburi ya kihistoria ya Afrika Mashariki imesongamana pwani. Kaole karibu na Bagamoyo, Kunduchi, Tongoni kusini mwa Tanga, Ras Mkumbuu kule Pemba, Gedi na Takwa upande wa Kenya: kote huko yamo makaburi ya mawe, mengine yenye nguzo ndefu, mengine yenye kuta zilizonakshiwa. Ukiiacha pwani ukapanda hadi Iringa, Mbeya na Chunya, ramani inakuwa tupu. Ni rahisi kudhani kwamba watu wa nyanda za juu hawakujali kuwawekea wafu wao alama ya kudumu. Mimi naona utupu huo umeletwa na jiwe lenyewe, na mkondo wa biashara, na siku hizi na maneno ya sheria. Heshima kwa wafu haihusiki sana.

Tuanze na jiwe. Tumbawe likitolewa baharini likiwa bichi ni laini; fundi hulichonga atakavyo, kisha hukauka na kuwa gumu. Matumbawe hayohayo yakichomwa hutoa chokaa ya kujengea. Kwa hiyo mjenzi wa pwani alikuwa na jiwe na chokaa miguuni pake, na jahazi likamletea pambo la juu: bakuli za kaure kutoka China, zilizopachikwa kwenye nguzo za Kunduchi na kwingineko (nyingi zimekwisha kubanduliwa na wezi). Kaburi la Gedi lenye maandishi ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, linatuambia alikufa mtu, na linatuambia pia kwamba mji wake ulikuwa na mafundi, wasomi na wateja wa kuwalipa. Uingereza nako ni hivyohivyo. Makaburi ya kuchongwa ya Painswick na Burford, ya karne ya 17 na 18, yanapatikana kwenye eneo la mawe ya chokaa yanayochongeka vizuri, tena eneo lililotajirika kwa sufu na nguo. Hakuna asemaye kwamba vijiji vya Uingereza visivyo na makaburi hayo havikuwapenda wazazi wao. Chunya ina itale na miamba migumu yenye dhahabu. Kuinakshi itale kwa patasi ya mkono ni adhabu.

Atakuja mtu aseme chanzo ni dini: pwani ilisilimu mapema, bara haikusilimu. Jibu hili linajikwaa lenyewe, maana mafundisho ya Kiislamu yanakataza kuyajengea na kuyainua makaburi, na nguzo za namna hii ni desturi ya Waswahili wenyewe kuliko jambo walilofundishwa kutoka Uarabuni. Walizijenga kwa kuwa walikuwa na jamaa wa kuonyesha ukoo wao na mali ya kuuonyeshea. Huku juu ukoo ulionyeshwa kwa njia nyingine. Msitu wa Lubaga huko Rungwe, mahali pa tambiko la Lwembe, mtawala mtakatifu wa Wanyakyusa, ulilindwa kwa miiko vizazi na vizazi. Hakuna shoka lililoingia humo bila ruhusa. Na katika pango la Mlambalasi, Iringa, wanaakiolojia wamefukua mifupa ya watu waliozikwa maelfu ya miaka kabla nguzo yoyote haijasimama pwani.

Sasa sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo, na makaburi yakiwemo, yaliyokuwapo kabla ya mwaka 1863. Mstari huo unaikumbatia Kaole yote. Nyanda za juu, ambako kumbukumbu nyingi zinazoonekana ni za vita vya Wahehe na Wajerumani na za uchimbaji wa dhahabu wa Lupa huko Chunya, unaziacha nje karibu zote. Ajabu ni kwamba sheria hiyohiyo inaulinda mlango wa mbao uliochongwa kabla ya mwaka 1940. Mlango umepewa miaka zaidi ya 70 ya nyongeza ambayo kaburi halikupewa.

Mtetezi wa sheria atasema waziri anaweza kutangaza mahali popote pawe urithi, na kwamba Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyekufa Julai 1898, anaenziwa Mlambalasi na Kalenga. Ni kweli. Lakini fuvu la Mkwawa lilitajwa katika Mkataba wa Versailles wa 1919 na kurudishwa 1954. Mtu wa namna hiyo hahitaji kusaidiwa na sheria. Hata maofisa wa Kijerumani walioangamia Lugalo tarehe 17 Agosti 1891 pamoja na kamanda wao Zelewski walijengewa mnara na wenzao. Ninaowafikiria ni vibarua wa Lupa. Miaka ya 1930 maelfu ya wanaume, wakiwemo waliotoka Nyasaland, walikuja Chunya kuosha mchanga wa mito na kuchimba mashimo. Waliokufa huko walifukiwa, na kilima cha udongo hakimalizi masika mengi.

Leo wachimbaji wadogo wanaichimbua ardhi ileile. Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969 inaruhusu kaburi lihamishwe ardhi ikihitajika kwa manufaa ya umma, na inawapa jamaa wa marehemu haki ya fidia. Kibarua aliyezikwa ugenini mwaka 1936 hana jamaa Chunya wa kuja kudai. Halmashauri inaweza kuandika orodha ya sehemu walizozikwa vibarua hao sasa, kwa kuwauliza wazee waliosimuliwa na baba zao, na kuipeleka kwa waziri ili azitangaze. Kazi hiyo haihitaji fundi wa kuchonga wala bakuli la kaure.