Saa Moja ya Nani? Kutoka Reli ya Fort Ternan Hadi Msaidizi wa Sauti

Juzi nilimfanyia mama yangu kosa ambalo limenifanya nisome historia wiki nzima. Kwa hivyo leo niwieni radhi, hatutaandika programu nyingi.

Mama anaishi karibu na Fort Ternan, pale unapoanza kupanda kuelekea nchi ya chai ya Kericho. Humeza dawa ya presha kila asubuhi. Nilimtengenezea msaidizi wa sauti kwenye simu: unamwambia jambo kwa Kiswahili, naye anapanga kazi ya kujirudia. Mama akasema vizuri kabisa, "Nikumbushe dawa kila siku saa moja asubuhi." Programu ikayasikia maneno yote sawasawa. Kisha ikaandika kwenye ratiba: saa 1, dakika 0. Usiku huo, saa saba, simu ikapaza sauti chumbani. Mama akaamka, akameza dawa, akalala. Kulipokucha akameza nyingine, maana ndiyo saa aliyoizoea. Namshukuru Mungu hakudhurika. Lakini aliponipigia aliniuliza swali moja tu: "Kwani huko kwa hii mashine yako kunakucha saa ngapi?"

Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Swali hilo ndilo kiini cha kila kazi ya kujirudia, na Fort Ternan imekuwa ikilijibu kwa zaidi ya miaka mia moja.

Tuanze na reli. Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka wa 1896, na njia ikafika ziwani Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, mwezi wa Disemba 1901. Fort Ternan ni stesheni kwenye mteremko wa mwisho kabla ya Muhoroni na tambarare ya Kano. Jina limetokana na Trevor Ternan, afisa wa jeshi la Uingereza aliyewahi kukaimu ukamishna wa Uganda. Na ilikuwa Uganda kweli: eneo hilo halikuhamishiwa upande wa Kenya ya leo mpaka mwaka wa 1902.

Sasa fikiria kama mtu wa programu. Reli ina njia moja tu, na treni zinapishana stesheni. Ratiba ya treni ni orodha ya kazi za kujirudia: kila siku fulani, saa fulani, fanya hivi. Lakini Mombasa na Kisumu zimepishana karibu digrii 5 za longitudo, na kila digrii ni dakika 4 za jua. Yaani jua la utosi linafika Kisumu karibu dakika 20 baada ya Mombasa. Kila stesheni ikifuata jua lake, ratiba haina maana. Lazima kuwe na saa moja kwa wote.

Waingereza walikuwa wamelikuta tatizo hilo kwao mapema. Mwaka wa 1847 kampuni zao nyingi za reli zilianza kukubaliana kutumia saa ya Greenwich. Mwaka wa 1852 saa ya umeme ya Charles Shepherd ilifungwa pale Greenwich, na ishara zake zikaanza kupelekwa mbali kwa waya za telegrafu, bila mtu kugusa kitu. Mimi naihesabu hiyo kuwa babu wa kazi zote za kujirudia tunazozipanga leo. Reli za Marekani zikafuata tarehe 18 Novemba 1883, na mkutano wa Washington wa 1884 ukaifanya Greenwich kuwa mstari wa sifuri wa dunia.

Huku kwetu waya wa telegrafu uliandamana na reli. Wanandi, waliopigana na Waingereza kuanzia 1895 hadi 1905, waliukata mara kwa mara na kuufanya mapambo, na misumari ya reli wakaifulia silaha. Hawakuwa wameombwa rai yao kuhusu reli, wala kuhusu saa iliyokuja nayo.

Na saa hiyo haikutulia. Kuna hifadhidata ya majira ambayo kompyuta na simu nyingi duniani huitegemea. Ukisoma sehemu ya Nairobi utakuta kwamba hadi 1908 saa yetu ilikuwa mbele ya Greenwich kwa saa 2, dakika 27 na sekunde 16, ambayo ni saa ya jua la Nairobi. Kuanzia Mei 1908 ikawa saa 2 na nusu. Julai 1928 ikawa saa 3. Januari 1930 ikarudi saa 2 na nusu. Mwaka wa 1937 ikawa saa 2 na dakika 45. Kuanzia Agosti 1942 ikawa saa 3, na hapo ndipo tulipo mpaka leo.

Hebu mpeleke msaidizi wangu wa sauti kwenye miaka hiyo. Usiku wa kuingia tarehe 1 Julai 1928, saa iliruka kutoka saa sita kamili hadi saa sita na nusu. Dawa ya saa sita na robo isingetajwa kabisa. Usiku wa tarehe 4 Januari 1930, saa ilirudishwa kutoka saa sita hadi saa tano na nusu. Dawa ya saa sita kasoro robo ingetajwa mara mbili. Sisi hatujabadilisha saa tangu 1942, ndiyo maana tunajisahau. Wenzetu walioko London hukutana na jambo hilo kila mwaka: wakati wa baridi tumewatangulia kwa saa 3, wakati wa joto kwa saa 2. Ukipanga simu ya kila Jumapili na dada yako aliye huko, amueni kabisa mnafuata saa ya nani.

Kompyuta zenyewe ziliingia baadaye. Programu ya cron, iliyopewa jina kutokana na neno la Kigiriki la wakati, ilitoka na Unix toleo la 7 mwaka wa 1979. Iliamka kila dakika, ikasoma orodha, ikafanya kilichofika zamu yake. Paul Vixie akaandika toleo lake mwaka wa 1987, likaenea sana. Siri alikuja 2011 na Alexa 2014, lakini nyuma ya sauti zao tamu kazi ni ileile: soma orodha, tazama saa.

Kosa langu halikuwa kwenye orodha. Lilikuwa kabla yake. Kiswahili huhesabu saa tangu kuchomoza na kuzama kwa jua, nami nikapeleka hesabu hiyo kwa mashine inayohesabu tangu katikati ya usiku. Na hata saa yetu si jua kamili: Fort Ternan iko karibu longitudo 35.35, kwa hivyo jua la utosi hufika kwa wastani saa sita na dakika 39. Saa kumi na mbili kamili asubuhi, kwa mama bado ni giza.

Nimerekebisha hivi. Saa 1 hadi 5 asubuhi, ongeza 6. Saa 7 hadi 11 usiku, toa 6. Mtu akitaja saa bila kusema asubuhi, mchana, jioni au usiku, programu isikisie, iulize. Akisema "usiku wa Jumatatu" iulize pia, kwa sababu wapo, hasa pwani, wanaoanza siku jua likizama, na kwao huo ni usiku wa kuamkia Jumatatu. Mwisho, kabla ya kuandika chochote, imrudishie mtu maneno yake: "Kila siku saa moja asubuhi, baada ya kukucha. Sawa?"

Mama amejibu sawa. Kengele ya jana ililia saa moja, chai ikiwa mezani.

Je, wewe programu yako inahesabu kuanzia wapi? Niandikie.