Vitumbua na Mshahara: Wanawake wa Dar es Salaam Katika Miaka ya Dhiki

Dhiki ya uchumi inapoifika nchi, swali moja huulizwa mapema kuliko mengine: kazi zilizosalia ziwe za nani? Nchini Marekani swali hilo lilijibiwa kwa sheria. Mwezi wa Juni 1932, wakati mamilioni ya watu walikuwa hawana kazi, ilipitishwa sheria ya kubana matumizi ya serikali, ambayo kifungu chake cha 213 kiliamuru kwamba watumishi wakipunguzwa, watangulie kutolewa wale ambao wake zao au waume zao nao ni watumishi wa serikali. Maneno ya kifungu hayakubagua mke na mume. Walakini katika kila nyumba mshahara mdogo ulijulikana ni wa nani, na wengi sana wa waliotoka walikuwa wanawake. Kifungu hicho kilidumu miaka mitano, kikafutwa mwaka 1937.

Tanzania ilipofikwa na dhiki yake, nusu karne baadaye, haikutunga sheria ya namna hiyo, wala haikuwa na haja nayo. Wanawake waliokuwa katika kazi za mshahara walikuwa wachache mno hata kuwatoa kusingempa nafuu mtu yeyote. Lililotokea ni jambo la namna nyingine kabisa. Badala ya mwanamke kufukuzwa katika mshahara, mshahara wenyewe ulinyauka mikononi mwa mwanamume, na nyumba nyingi za Dar es Salaam zikaja kulishwa na kikaango cha mtu ambaye hesabu za serikali hazikuwa na desturi ya kumwita mfanyakazi.

Uchache huo ulikuwa na asili yake. Mji wa kikoloni ulikuwa mji wa vibarua wanaume. Bandari, reli na ofisi zilichukua wanaume. Hata upishi na ufuaji katika majumba ya Wazungu, kazi ambazo mtu angedhani wanawake wangepewa bila ubishi, zilishikwa na wanaume. Ujira nao ulikadiriwa kwa mahitaji ya mtu mmoja, kana kwamba mke na watoto walilishwa na shamba la mbali. Mwanamke aliyeingia mjini alijitafutia mwenyewe: alikaanga vitumbua, alipika pombe, au alipangisha chumba ikiwa alijaliwa nyumba. Wanawake wa namna hiyo walikuwa wengi katika sehemu ya wanawake ya TANU, iliyoanzishwa mwaka 1955 chini ya uongozi wa Bibi Titi Mohamed. Yafaa kukumbuka kwamba ujasiri wao wa kwenda mkutanoni ulitokana kwa kiasi na jambo dogo: senti walizochangia hawakuziomba kwa mtu.

Baada ya uhuru milango ilifunguliwa, ingawa polepole. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimthibitishia mke haki ya kuwa na mali yake mwenyewe. Mwaka 1975 likizo ya uzazi yenye malipo ilienezwa kwa wafanyakazi wanawake walioolewa na wasioolewa pia, hatua ambayo baadhi ya nchi tajiri zilikuwa bado hazijaifikia. Lakini sheria njema ya kazi humfaa aliye kazini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, zaidi ya nusu ya wanawake wa mijini hawakuwa na pato lolote lililo lao, na kati ya wenye pato, wenye mshahara walikuwa sehemu ndogo tu. Katika viwanda, wanawake walionekana kwa wingi katika korosho, ambako kubangua na kuchambua kulihesabiwa kuwa kazi ya vidole vyepesi. Bahati yao mbaya ni kwamba korosho zenyewe zilikuwa zikiondoka. Zao lililofikia tani zipatazo 145,000 katika msimu wa 1973/74 lilianguka mwaka hata mwaka. Wakulima walihamishwa katika vijiji vipya mbali na mikorosho yao, bei iliwavunja moyo, na ugonjwa wa ubwiri unga ukamaliza yaliyobaki. Viwanda vipya vilijengwa kwa mikopo wakati ule ule, vikangoja mzigo ambao haukuja.

Sababu za dhiki kubwa zimeelezwa mara nyingi, na hapana haja ya kuzirefusha. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Bei ya kahawa, iliyokuwa imepanda sana mwaka huo, ilishuka. Vita ya kumwondoa Idi Amin ilianza mwishoni mwa 1978 na kula akiba ya fedha za kigeni, na mwaka 1979 bei ya mafuta ikapanda tena ulimwenguni. Viwanda vilikosa vipuri na malighafi, na maduka yakabaki na rafu tupu. Mtafiti Aili Mari Tripp, aliyefanya uchunguzi wake Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1980, anaeleza kwamba thamani halisi ya mishahara ilipungua kwa zaidi ya asilimia 80 kati ya mwaka 1974 na 1988. Huo ni upungufu ambao akili huukubali kwa shida. Maana yake ni kwamba karani aliyekwenda ofisini kila siku, akapanda cheo, akaongezwa na mshahara kwa shilingi, alikuwa akizidi kuwa maskini katika kila hatua ya ngazi aliyoipanda.

Kazi ya kwanza ambayo dhiki ilimwongezea mwanamke haikuwa na malipo. Ilikuwa foleni. Sukari, sabuni, mafuta ya kupikia, unga wa sembe na khanga vilipatikana kwa mgawo, na mgawo ulipatikana kwa kusimama. Jiwe au kikapu kiliwekwa alfajiri kushika nafasi ya mwenyewe, naye akarudi nyumbani kuamsha watoto, kisha akarejea kusimama nyuma ya jiwe lake. Saa hizo hazikuandikwa popote. Lau zingeandikwa, huenda ingeonekana kwamba uhaba ulilipiwa kwanza kwa miguu ya wanawake kabla ya kulipiwa kwa fedha.

Kazi ya pili ilikuwa ile iliyopewa jina la mradi. Neno hilo lilikuwa la wapangaji wa maendeleo, likiashiria bwawa au kiwanda. Miaka ya 1980 ililishusha mpaka uani. Mradi ulikuwa beseni la maandazi, ndoo ya barafu za kuuzia watoto, cherehani barazani, kuku wa mayai katika banda la mabati. Mama ntilie aliweka sufuria karibu na kiwanda au kando ya jengo linalojengwa, akawauzia wali na maharage wanaume ambao mishahara yao haikutosha kula hotelini. Mkate ulipoadimika, andazi la asubuhi lilipata cheo ambacho halikuwa nacho kabla. Hesabu ya biashara hiyo ilikuwa nyembamba: unga, sukari, mafuta na mkaa vilinunuliwa mara nyingi kwa bei ya mlanguzi, na faida ilikuwa maandazi machache ya mwisho katika beseni. Yakilala, faida imelala nayo. Mtoto akiyala njiani, faida imeliwa.

Mtaji ulitoka wapi? Benki haikuwa na dirisha kwa mtu asiye na hati ya nyumba wala barua ya mwajiri. Wengine walianza kwa sehemu ya mshahara wa mume kabla haujayeyuka, wengine kwa mkopo wa ndugu, na wengi kwa upatu. Wanawake kumi au ishirini walichanga kiasi sawa kila juma au kila mwezi, na jumla akapewa mmoja kwa zamu. Upatu haukuwa na karatasi wala mdhamini, ila ulikuwa na jambo ambalo mashirika mengi ya umma ya wakati ule yangeuonea wivu: aliyeshika fedha alijulikana anakaa nyumba gani, na waliomdai walikutana naye kisimani.

Mwaka 1983 biashara hizi ndogo zilikutana na mkono wa serikali. Msako dhidi ya wahujumu uchumi, ulioongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, ulianza Machi mwaka huo ukiwalenga walanguzi wakubwa. Na baadaye mwaka huo huo ikafuata kampeni ya Nguvu Kazi, yenye sheria yake, iliyotaka kila mwenye uwezo awe na kazi halali. Walioonekana kuwa hawana kazi walikusanywa na kupelekwa vijijini. Nia ya sheria haikuwa mbaya, kwa maana nchi ilihitaji chakula na mashamba yalihitaji mikono. Lakini ilibidi mtu aamue kazi ni nini. Karani ambaye mshahara wake haukununua chakula cha juma moja alikuwa na kazi, kwa kuwa alikuwa na kitambulisho. Mwanamke aliyelisha watu wanane kwa vitumbua bila leseni aliweza kuhesabiwa mzururaji. Haikuchukua muda kampeni ikapoteza nguvu. Wengi waliosafirishwa walirejea mjini, na jina lile lile la nguvu kazi likaishia kuwa jina la leseni ya wafanyabiashara wadogo. Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, mitumba ikarudi, na mwezi wa Juni 1986, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, ukaanza mpango wa kufufua uchumi pamoja na kushushwa sana kwa thamani ya shilingi.

Hapa pana jambo ambalo wanahistoria wa siasa hulipita upesi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, kupangisha nyumba au kuwa na hisa katika kampuni, nalo liliona mbali kiasi cha kumhesabu mke pamoja na mumewe, ili mali isifichwe chini ya jina la mwingine. Dhiki ilipozidi, mke wa kiongozi naye alifuga kuku na kushona nguo, kwa sababu mshahara wa kiongozi nao haukutosha. Kifungu kilichoonekana kuwa cha busara kikawa hakitekelezeki bila kuwatia hatiani nusu ya viongozi kwa sababu ya mayai ya wake zao. Mwezi wa Februari 1991 halmashauri kuu ya CCM ilikutana Zanzibar na kulegeza masharti hayo. Wenye mitaji mikubwa walinufaika kuliko wafuga kuku, hilo halina ubishi. Lakini waliotangulia kuupanua mlango huo, pasipo kukusudia, walikuwa wanawake wa uani.

Je, pato hili lilileta usawa? Uchunguzi wa Tripp ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya wanawake wa Dar es Salaam aliowahoji sasa walijitegemea kwa shughuli zao wenyewe, na kwamba sehemu kubwa ya matumizi ya nyumba ilitoka katika shughuli za namna hiyo kuliko mshaharani. Mume aliyezoea kutoa fedha ya sokoni alijikuta akiazima nauli. Sauti ya mke katika shauri la ada, la safari na la kujenga ilisikika zaidi, maana ni vigumu kumnyamazisha mtu ambaye unakula jasho lake. Lakini siku ya mwanamke haikupewa saa zaidi ya 24. Aliyeamka saa kumi za usiku kuumua unga alirudi kupika, kufua, kuchota maji na kuuguza, na hapana dalili kwamba mume aliyepoteza thamani ya mshahara alichukua ufagio badala yake. Mara nyingi aliyeuchukua alikuwa binti. Ada za shule za sekondari ziliporudishwa katikati ya miaka ya 1980, na malipo hospitalini kuanzia 1993, mzigo uliokuwa wa serikali uliwekwa juu ya beseni lile lile la maandazi. Zaidi ya hayo, wanawake wenyewe hawakuwa sawa. Mwalimu au muuguzi mwenye uani mpana na jamaa ofisini alifuga kuku mia kadha wa kadha. Jirani yake asiyesoma alibaki na kikaango kimoja, akishindana na wengine ishirini wa mtaa huo huo kuuza kitu kile kile.

Mahakama nazo zilisogea, kwa mwendo wao. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Hukumu hiyo ilikuwa kubwa, na wanasheria wanaitaja mpaka leo. Bibi mwenyewe aliyeileta kesi hakupata sehemu, kwa kuwa mahakama iliona alikwisha kupewa fedha na mumewe kwa ajili ya shughuli ya familia na hakuzitumia vema. Kufua na kupika kulipewa thamani, na kufanya biashara vibaya kukaiondoa.

Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984. Ndizo alizozitegemea Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, mwezi wa Februari 1990, alipoamua kesi ya Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory: mwanamke wa Kihaya aliyerithishwa shamba la ukoo na baba yake ana uwezo wa kuliuza kama mwanamume. Sheria mbili za ardhi za mwaka 1999 ziliandika usawa huo kwa maneno ya wazi. Kanuni za urithi katika Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963, katika koo za kuumeni, humweka binti daraja la mwisho.